Hakuna Kilichosagika: Maneno kwa Wakulima wa Korosho Kuhusu Mgongo na Mguu

(Nilizungumza haya kwenye mkutano wa wanachama wa chama cha msingi, katika kijiji kimoja cha Newala mkoani Mtwara, kabla ya msimu kuanza. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Mwenyekiti wa chama chetu, wajumbe wa bodi, wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana mliokalia pikipiki kule nyuma kana kwamba mko tayari kukimbia: shikamooni wenye kustahili, na wengine habari za asubuhi.

Najua mmekuja kusikia habari za minada, magunia na malipo. Mimi nimechomekwa kati ya taarifa ya mapato na matumizi na yale "mengineyo". Mwenyekiti akiona nazidisha, akohoe tu, nitaelewa.

Kazi yangu ni tiba ya viungo, wengi mnaniita daktari wa mazoezi. Korosho zikianza kudondoka, benchi nje ya chumba changu linajaa, na wanaolijaza ni nyinyi. Mwaka huu nimeona nije mimi kwenu kabla nyinyi hamjaja kwangu.

Nianze na marehemu baba yangu, maana wengi mlimfahamu. Alipata maumivu yaliyoanzia kwenye kalio la kushoto, yakashuka nyuma ya paja, yakazunguka pembeni mwa shavu la mguu mpaka kwenye kidole gumba. Yeye aliyaita "mguu". Mguu ukapakwa dawa. Mguu ukachanjwa chale, tena kwa wembe ambao sijui ulitoka wapi. Mtu mwingine akamwambia ni figo, akanywa dawa za figo. Mwisho tukauza korosho zilizokuwa zimebaki ndani, akapelekwa kupigwa picha kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja. Aliyeisoma ile picha hakumaliza dakika tano naye. Alimwambia, "Mzee, pingili zimesagika," akaita mwingine.

Baba alirudi nyumbani akalala. Alilala miezi mitano. Nilipokuja likizo nilikuta paja la kushoto limenywea, nikilizungushia mikono vidole vinakaribia kugusana. Nikamuuliza, baba, mbona huamki hata kukaa barazani? Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyesoma bure. "Mwanangu, kilichosagika unakisimamishaje? Unga unausimamisha?"

Tangu siku hiyo nina ugomvi na neno hilo. Kusagika! Sisi tunajua kusaga ni nini. Unapeleka muhogo mkavu mashineni, unarudi na unga, na unga haurudi kuwa muhogo. Mtu akiambiwa hivyo kuhusu mgongo wake, amalize na nini zaidi ya kulala? Basi nimekuja kusema jambo moja: katika mgongo wa baba hakukuwa na kilichosagika. Kulikuwa na mgongo wa mtu wa miaka 61, na mshipa mmoja wa fahamu uliokasirika.

Shikeni kiuno kwa nyuma, pale mkanda unapopita au pale mnapofunga kanga. Hapo pana pingili tano, ndizo kubwa kuliko zote katika uti wa mgongo, kwa sababu ndizo zinazobeba mwili wote wa juu pamoja na dumu na gunia. Kati ya pingili na pingili pana diski. Ukitaka kuielewa diski, fikiria mnazi.

Diski ya kijana ni dafu. Nje ina ganda la nyuzi ngumu zilizosukwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likilalia upande wake, kama ukili. Ndani mna ute mzito ambao zaidi ya asilimia 80 yake ni maji. Ute huo ndio unaokufanya uruke mtaro ukatua bila mifupa kugongana. Mchana kutwa unaukandamiza, maji yanatoka kidogo kidogo. Usiku ukilala yanarudi. Ndiyo maana mtu akipimwa urefu asubuhi na jioni, jioni amepungua sentimita moja, hata mbili. Na diski haina mishipa ya damu inayofika katikati yake. Chakula chake kinapenya taratibu kutoka kwenye mfupa jirani, na kubanwa na kuachiwa unapotembea kunasaidia kazi hiyo.

Sasa dafu halibaki dafu. Linakuwa koroma, koroma linakuwa nazi. Maji yanapungua, ganda linakauka, kimo cha diski kinashuka. Mnaona mvi za mwenyekiti? Hizi tunaziona kwa sababu ziko nje. Za mgongoni hatuzioni mpaka mtu apige picha, na akizipiga anashtuka kana kwamba zimeota jana. Mwaka 2015 watafiti walikusanya pamoja picha za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Hawana maumivu, narudia. Katika wenye miaka 20, asilimia 37 walikwishaanza kuwa na diski zilizochakaa. Katika wenye miaka 80, asilimia 96. Wote hao walikuwa wanaendelea na maisha yao. Nani kati yenu ameona nazi jikoni akalia kwamba dafu limeharibika?

Sisemi kuchakaa hakuna madhara. Diski ikishuka, pingili zinasogeleana, na vile viungo viwili vidogo vilivyo nyuma ya kila pingili vinabebeshwa mzigo usio wao. Gegedu zake, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, zinalika, vinavimba, na mwili kwa kutaka kusaidia unaotesha vinundu vya mfupa pembeni. Hapo ndipo unapata yale maumivu ya asubuhi, ya kuamka kiuno kimekaza kama mlango wa mbao wakati wa masika, halafu kinalegea ukishatembea mpaka bafuni. Hayo ni maumivu ya mgongo wenyewe. Yanakera, lakini yanakaa kiunoni, yakishuka sana yanaishia kwenye makalio na mapaja.

Yale yanayoshuka mpaka unyayoni ni kesi nyingine.

Mnayajua maji yetu. Yanasukumwa kutoka Mitema, kule bondeni Kitangari, yanapandishwa mpaka huku juu. Siku bomba la nyumbani kwako likikauka, hulipigi nyundo bomba la uani. Unauliza Mitema kuna nini. Mguu ni bomba la uani. Mishipa ya fahamu inayouendesha inatokea kiunoni, kila mmoja kwenye kitundu chake kati ya pingili mbili, halafu kadhaa inaungana kuwa mshipa mmoja mnene karibu kama kidole gumba cha mkono, unaopita ndani ya kalio na kushuka nyuma ya paja. Likitokea jambo pale kwenye kitundu, ubongo haujui kutofautisha. Unasema kidole kinaungua. Ndiyo maana baba alipakwa dawa mguuni miezi na miezi. Tulikuwa tunalipiga nyundo bomba la uani.

Jambo gani linalotokea pale? Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Marekani, William Mixter na Joseph Barr, waliandika kwamba ganda la diski linaweza kupasuka, ute ukachomoza na kuukandamiza mshipa. Kabla yao, hata waliopasua mgongo wakakiona kile kinyama walidhani ni uvimbe umeota. Ikawa elimu kubwa. Lakini pia ikaleta neno jingine ambalo watu wamelishika kuliko inavyofaa: kubanwa. "Mshipa umebanwa." Mtu anafikiri kuna mlango umefungwa kwenye mshipa wake, na hautafunguka mpaka apasuliwe.

Mwaka 1991 madaktari wengine wa Marekani walichapisha habari ya wagonjwa 193 waliowafanyia upasuaji wa kiuno wakiwa macho, wamechomwa ganzi ya pale pale tu. Walikuwa wanagusa kitu kimoja kimoja na kuuliza: hapa unasikia nini? Wakigusa mshipa mzima, ambao haujavimba wala kukandamizwa, yale maumivu ya mguu hayakuja. Wakigusa ule mshipa uliokwisha kuvimba na kukandamizwa, mgonjwa anasema, ndiyo, huo huo, ndio mguu wangu. Miaka miwili baadaye watafiti wa Sweden wakachukua ute wa diski wakaupaka tu juu ya mshipa, bila kuukandamiza na chochote, na mshipa ukadhurika. Walitumia nguruwe. Msinitazame hivyo, sikuwatuma mimi.

Maana yake ni kwamba ute ule ukitoka mahali pake unauwasha mshipa, kama pilipili kwenye jicho. Mshipa uliobanwa tu unatoa ganzi na ulegevu. Mshipa uliowashwa ndio unaopiga kelele, na kelele zake mnazijua: zinachoma, zinapita kama shoti ya umeme, ukikohoa au kupiga chafya zinaruka mpaka kisiginoni.

Nani hapa mguu unamsumbua hivyo? Wewe, njoo. Dereva wa bodaboda, eh? Lala chali kwenye mkeka, usiogope, sina sindano. Legea. Nakushika kisigino, goti lako nalinyoosha, napandisha taratibu. Hapa je? Bado. Hapa? Mmemwona uso. Na mguu haujafika hata nusu ya njia ya kwenda juu. Unakuja wapi, mgongoni au mguuni? Amesema mguuni, umeshuka mpaka kwenye shavu. Sasa nashusha kidogo, ananyamaza. Goti sijaligusa, nyonga sijaigusa, nakunja unyayo tu kuelekea usoni kwake. Mmesikia alichosema? Sitakirudia, kuna watoto.

Nilichofanya ni kuuvuta mshipa kama kamba iliyofungwa mgongoni. Mshipa uliotulia unavutika bila neno. Uliokasirika unakataa. Simama sasa, mwanangu. Tembea kwa visigino. Vizuri. Tembea kwa ncha za vidole. Vizuri. Nguvu zipo. Hiyo ni habari njema kwako kuliko picha yoyote. Angeshindwa visigino, unyayo ukawa unadondoka kama kandambili iliyokatika, ningemwambia pikipiki abaki nayo mwingine, twende hospitali leo. Na mahali maumivu yanapoishia panatuambia ni mshipa upi: yakienda juu ya unyayo mpaka kidole gumba, mara nyingi ni ule unaotoka chini ya pingili ya tano, yakienda kisiginoni na upande wa kidole kidogo, ni ule unaofuata chini yake.

Wazee msidhani nimewasahau. Kwenu ute umeshakauka, si rahisi kupasuka na kuruka. Kwenu kuna jingine. Vile vinundu vya mfupa, na kano zilizonenepa kwa umri, zinaifanya njia ya mishipa kuwa nyembamba, kama kichochoro ambacho kila jirani ameongeza baraza lake. Mzee anatembea mita mia, miguu yote miwili inakuwa mizito, inawaka, anatafuta pa kukaa. Akikaa dakika mbili akainamia mbele, yanaisha, anaendelea. Na kuna kitu nimekiona hapa hapa kijijini. Mzee huyo huyo asiyeweza kutembea mikono mitupu mpaka msikitini anasukuma baiskeli yenye madumu manne ya maji kilomita nzima. Majirani wanasema anajifanya. Hajifanyi! Anapoinamia usukani, kile kichochoro kinapanuka. Akisimama wima kinafunga. Kwa hiyo mzee wako akiomba mkongojo au akitembea ameinama kidogo, mwacheni, mwili wake umegundua dawa kabla yangu.

Kuhusu figo nitapita haraka. Maumivu ya figo kwa kawaida yako juu zaidi, chini ya mbavu, upande mmoja, yanakuja na homa au mkojo wenye shida, na hayajali umeinama au umelala. Kiuno kinachouma ukiinuka na kutulia ukilala si figo, hata kama muuza dawa ameapa.

Na hapa niseme kuhusu sindano na vidonge. Nyote mnajua kangomba. Mtoto amefukuzwa shule kwa mchango, nyumbani hamna kitu, mtu anakuja na fedha mkononi anakuchukulia korosho zikiwa bado juu ya mti. Usiku ule umelala vizuri. Msimu ukifika ndipo unajua umeuza nini. Diklofenaki, ile dawa ya kutuliza maumivu, ya kununua dukani kila siku ni kangomba ya mwili. Siku tatu nne, kwa ushauri wa mtaalamu, inaweza kukusaidia uamke utembee. Miezi mitatu mfululizo, unailipa kwa vidonda vya tumbo, kwa shinikizo la damu, na kwa hizo figo ambazo hapo mwanzo hazikuwa na kosa. Isitoshe, kwa mshipa uliowashwa faida yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Basi tufanye nini? Habari ambayo baba hakuambiwa ni hii: mara nyingi ute uliotoka mwili unauondoa wenyewe. Unauona kama mgeni, unautafuna. Wengi wenye maumivu haya ya mguu wanapata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu. Kazi yetu katika wiki hizo ni kutokulala. Siku moja mbili za kupumzika sawa, zaidi ya hapo misuli inaondoka. Tembea mara nyingi, safari fupi fupi: mpaka kwa jirani, rudi, mpaka dukani, rudi. Ukilala, weka mto au kanga iliyokunjwa chini ya magoti. Maji ya moto, kuchuliwa taratibu, hakuna ubaya. Kumpandisha mtoto akukanyage mgongoni, hapana. Mikanda ya kiuno inayouzwa mnadani, fedha yako nunulia samaki. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2023 halikuipendekeza kwa maumivu ya muda mrefu. Lilipendekeza mazoezi na kuelimishwa, yaani hiki tunachofanya sasa.

Na kwa msimu unaokuja. Kuinama si sumu, mama zangu. Mgongo umeumbwa kuinama. Tatizo ni kuinama saa nne bila kunyooka, siku ya kwanza, baada ya miezi ambayo hatujaokota. Okota mistari miwili, simama, weka mikono kiunoni, jinyooshe kwa nyuma mara tano. Ukichoka kuinama, chuchumaa. Ukichoka kuchuchumaa, piga goti moja. Anayebeba mashine ya kupulizia ajue ule mtetemo nao ni mzigo, apumzike kila akimaliza kujaza dawa. Gunia la korosho ni kilo 80. Sioni sababu ya kijana kulipandisha peke yake kwenye lori ili asifiwe na watu ambao hawatakuja kumkanda. Watu wawili, gunia likae karibu na kifua, na mnageuka kwa miguu, si kwa kiuno. Na sigara, kwa wenye nayo: inapunguza damu inayoilisha diski. Hiyo nimesema, sirudii.

Nimebakiza jambo ambalo ningependa mwenyekiti asikohoe nikilisema. Kuna watu hawatakiwi kusubiri hizo wiki 12, wala hata siku mbili. Ukisikia ganzi sehemu unayokalia, pale panapogusa tandiko la baiskeli. Ukashindwa kukojoa ilhali kibofu kimejaa, au mkojo na choo vikatoka bila wewe kujua. Miguu yote miwili ikalegea: hiyo ni mishipa ya mwisho wa uti inakandamizwa kwa pamoja. Ni dharura. Tafuta usafiri usiku huo huo, uende hospitali kubwa, ukapewe rufaa, hata kama ni mpaka Muhimbili kwenye taasisi ya mifupa. Ukichelewa, kinachopotea kinaweza kisirudi. Najua mambo haya watu wanaona aibu kuyasema mbele ya mkwe. Semeni.

Na mgongo unaouma usiku na mchana bila kujali umelalaje, pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda: huo unaweza kuwa TB. TB haikai kifuani tu, inakula pingili, na hiyo ndiyo pekee ningekubali mtu aniambie imesaga kitu. Inatibika, na dawa zake serikali inatoa bure. Aliyeanguka kutoka juu ya mkorosho au mnazi, na aliyewahi kutibiwa saratani ya matiti au ya tezi dume akaanza kuumwa mgongo, hao nao waje mapema.

Baba alinyanyuka, kwa wale wanaouliza. Wiki ya kwanza mpaka mlangoni, wiki ya tatu mpaka kwenye mwembe. Mwaka uliofuata aliokota korosho zake, akilalamika kila siku, na jioni akinionyesha kidole gumba ambacho ganzi yake haikuisha kabisa.

Nitakuwa chini ya ule mkorosho mkubwa mpaka saa kumi. Anayetaka kupimwa mguu aje na kanga au mkeka wake wa kulalia. Wenye ganzi na wenye shida ya mkojo waanze, wengine wote tutafuata foleni, hata wajumbe wa bodi.